Daktari wa Jua na Maanguko Yangu

Mtu akifika soko la Kariokor akiuliza mshipi wa ngozi usiokatika, ataelekezwa kwangu. Nilianza na kisu, kipande cha tairi na mahali pa kukalia. Leo nina vibanda vitatu, mafundi wanaoniita Bosi, na ploti Njiru yenye geti la chuma lililochongwa simba wawili. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, tusibishane. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba mwanamke aliyekuwa akinibwaga chini kila Jumamosi, mbele ya akina mama wauza mboga na mitumba, hakuwa anabwaga mtu wa mchezo.

Sisi wa mtaa wa Shauri Moyo tulimwita Daktari. Kwao ni wapi na baba yake ni nani, sikuwahi kumuuliza, na yeye si mtu wa kukuambia usichouliza. Alipohamia ploti yetu ya nyumba za kupanga, enzi zile kabla sijahamia kwenye simba wangu, alikuwa tayari mtu mzima: mfupi, mwembamba, miwani imefungwa uzi nyuma ya kichwa, na raba miguuni hata akivaa gauni la kanisani. Habari kwamba ni daktari zilizunguka siku ile ile, na kesho yake asubuhi mlango wake ulikuwa na foleni. Mbele kabisa alikuwa Mama Halima, jirani yetu wa mahamri, amembeba mwanawe.

"Daktari, mtoto anakohoa."

"Pole, mama. Mpeleke kliniki. Mimi si daktari wa watu."

"Kwani wewe ni wa ng'ombe?"

"Wa jua."

Mama Halima alimtazama kuanzia miwani mpaka raba. "Haya. Na jua linaumwa nini?"

Daktari hakucheka. Alieleza, pale pale mlangoni, kwamba jua lina siku zake mbaya. Kuna siku linapiga chafya, na hewa ya juu kabisa, juu ya mawingu na juu ya ndege, inatikisika, na mawimbi ya simu na ya vyombo vinavyozunguka huko angani yanapita kwa taabu. Kazi yake ni kukaa na mgonjwa huyo na kuandika anavyopumua. Mama Halima alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sawa, lakini dawa ya kikohozi huna?"

Alikuwa nayo. Toka siku hiyo ikajulikana mtaa mzima: ni daktari wa jua, lakini ya kikohozi pia anayo.

Mimi nilidhani watu wa mambo ya anga ni watu wa kupaa. Huyu alikuwa anaogopa kupanda juu ya stuli. Balbu ikiungua nyumbani kwake, aliniita. Alichagua nyumba ya chini, na akienda kwa mtu wa ghorofa ya tatu alipanda akishika ukuta, macho amefumba nusu. Na mvua! Mtu aliyeweza kukuambia jua litakuwa na hasira Alhamisi, hakuweza kujua kama jioni itanyesha. Akina mama wa ploti walikuwa wanaangalia kamba yake ya nguo. Daktari akianika, wao wanaanua.

"Si wewe ndiye wa angani?" nilimuuliza siku moja, nikimwona anakamua shuka.

"Mvua ni ya huku chini, Fundi. Mimi nasomea juu yake."

Aliniita Fundi. Nilimpa kadi yangu iliyoandikwa Mkurugenzi kwa herufi za dhahabu. Akaisoma pande zote mbili, akaitia kwenye kitabu kuonyesha mahali alipofika, na akaendelea kuniita Fundi mpaka leo.

Kitu kimoja alichotufundisha sote bila kulipisha mtu ni kuangalia sakafu. Ukumbi wa mtaa wetu una paa la mabati yenye matundu ya misumari, na saa za mchana sakafu yake inajaa vidoa vya mwanga, vya duara, kama mtu amemwaga sarafu. Nilikuwa nimeyalalamikia matundu yale mbele ya kamati, kwa sauti kubwa, kama ninavyolalamika. Daktari akaniuliza tundu la msumari uliong'oka lina umbo gani. Nikamwambia limepasuka, lina pembe, ovyo. "Na kidoa chake hapo chini?" Duara. Akaniacha nifikiri. Sikufikiri, nikangoja jibu. Akasema kile kidoa si umbo la tundu. Ni jua lenyewe, picha yake, limelala sakafuni.

Nilimwambia hilo nililijua zamani.

Basi mwaka mmoja ikatangazwa kwamba jua litapatwa, si lote, kipande. Mimi nikaona biashara. Nilinunua filamu za eksirei zilizotupwa, nikazikata, nikazishonea fremu za ngozi safi yenye mshono wa mikono, nikaziita miwani ya angani. Zilikuwa nzuri! Nilikuwa nimezipanga mbele ya ukumbi, watu wanazijaribu, ndipo Daktari akatokea na raba zake. Akachukua moja, akaitazama. Akaniuliza kama mimi mwenyewe nimeshaitumia. Nikasema bado, mwenye mali hali mali yake. Akaomba mkasi. Nilidhani anataka kurekebisha mshono. Akaikata katikati, kisha ya pili, kisha ya tatu, mbele ya wateja, kwa utulivu wa mtu anayemenya viazi.

"Daktari, unaniua!"

"Hizi zitaunguza macho ya watoto, na hawatasikia maumivu. Una kile chuma chako cha kutoboa ngozi?"

Ninacho kila mahali, ni kama kidole changu. Akanifanya nitoboe tundu dogo kwenye kila kipande cha ngozi nilichokuwa nacho. Watu wakasimama wameligeuzia jua mgongo, wakishika vipande vyangu juu ya bega, na pale chini kwenye vumbi kila mmoja akawa na jua lake dogo, limemegwa ubavuni kama chapati iliyoonjwa. Na ndani ya ukumbi, vile vidoa vyote vya sakafuni vikawa vimemegwa, mamia, upande ule ule. Mama Halima alivua viatu asije akavikanyaga vile vidoa. Mimi nilitembea katikati yao nikisema, "Ngozi yangu hiyo. Tundu langu hilo."

Katika utafiti wake nilishiriki pia, na hili nalisema kifua mbele: nimo kwenye jarida la sayansi la ng'ambo. Ilikuwa hivi. Daktari alileta kifaa cha kusikiliza vile vyombo vya angani, chenye antena ya kuwekwa juu ya paa. Kwa kuwa yeye hawezi kupanda, nilipanda mimi. Aliniambia nifunge pale alipoweka alama, nisiguse tena. Nikafunga. Baada ya muda nikiwa barabarani nikatazama juu, nikaona imekaa upande, haipendezi. Mimi ni mtu wa kazi safi. Nikapanda, nikaisogeza kidogo mpaka katikati, nikaizungushia mkanda wa ngozi wenye nakshi. Ilipendeza sana.

Majuma yalipita. Siku moja Daktari akaja kibandani. "Fundi, ulipanda juu?"

"Niliirembesha tu."

Akakaa kwenye stuli ya wateja. Akaniambia kwamba majuma yale majibu yalikuwa yanatoka mazuri kuliko yote aliyowahi kupata. Yalikuwa yanasema kile hasa alichokuwa anatarajia kwa miaka, na wenzake walikuwa wameanza kumpongeza.

"Si ndiyo vizuri?" nikasema. "Basi nisogeze tena."

"Yalinipendeza mno. Ndiyo maana nikaja kuangalia paa."

Akayatupa yote. Kwenye jarida aliandika kwamba vipimo vya majuma hayo vimeachwa kwa sababu kifaa kilisogezwa. Nilimwomba anisomee hapo kwa Kiswahili, mara mbili. Aliyekisogeza ndiye mimi. Nimewaambia wateja wengi.

Sasa nije kwenye kubwagwa.

Mke wangu, Mama Shiru, anauza nguo za watoto Gikomba. Anayejua Gikomba anajua kwamba marobota ya mitumba yanafunguliwa kabla hakujapambazuka, na zile nguo za kwanza kuchaguliwa, safi kabisa, tunaziita kamera. Ukikosa kamera unabaki na soksi moja moja. Kwa hiyo mke wangu alikuwa akitoka giza likiwepo, kwa miguu, peke yake, na alikuwa na jina pale sokoni. Asubuhi moja mtu akamkaba kutoka nyuma njiani, akachukua mkoba. Hakumuumiza sana. Lakini Mama Shiru hakutoka tena mpaka jua liwake, na meza yake ikawa ya soksi.

Mimi nikatangaza kwamba nitamsindikiza. Nani atamgusa mke wangu na mimi nipo? Nikamsindikiza kila alfajiri, nikiongea kwa nguvu ili wezi wajue nimefika. Nilimsindikiza mpaka kwenye robota, nikawa namchagulia nguo. Nikamsindikiza dukani kununua sukari. Siku moja akasimama katikati ya njia.

"Baba Shiru, ulishawahi kunisindikiza kabla ya yule mtu?"

"Hapana."

"Basi yule mtu alichukua mkoba. Hii asubuhi yangu umechukua wewe."

Jumamosi hiyo akaenda kwa Daktari.

Daktari alikuwa akifundisha wanawake kujikinga, pale pale ukumbini. Alijifunza mwenyewe alikosomea, ng'ambo, kwa sababu maabara ilikuwa ikifungwa wakati njia imebaki tupu. Hakufundisha kupiga kelele wala kuruka. Alifundisha uzito. Alisema mtu anayetembea ni jengo ambalo kila mara lina nguzo moja tu chini, ngoja hapo. Alisema vile vyombo vya angani havielei, vinaanguka wakati wote, vinapita tu kando ya dunia kila vinapofika. Nikasema kama biashara yangu ya kwanza. Akina mama wakacheka, yeye akafikiri, akasema, "Ndiyo, karibu hivyo."

Walihitaji mwanamume wa kuwashika. Wanaume wa mtaa wote walikuwa na kazi Jumamosi. Mimi nikajitolea, nikajishonea vazi la ngozi lililojazwa matambara, kifuani nikaweka nembo ya simba. Siku ya kwanza niliingia nikitanua mikono.

"Nani anaanza na dume?"

"Mimi," akasema Mama Halima, akikunja buibui kiunoni. Sikumbuki kilichofuata. Nakumbuka mabati ya paa. Toka hapo kila Jumamosi Daktari alinibwaga kwanza yeye mwenyewe kuwaonyesha, kisha wao kwa zamu.

Daktari alikuwa na sheria moja kwangu: nishike kweli, na nisianguke mpaka nimeangushwa. Hakuna kumpa mtu ushindi wa bure. Lakini ilipofika zamu ya Mama Shiru ya kujaribiwa, ile ambayo akiipita Daktari atamwambia sasa tembea, mimi nikawa mume. Nilimwona akiifunga leso yake upya mara tatu. Nikamkaba kwa nyuma, taratibu, na alipogeuza tu bega nikajirusha. Niliruka vizuri! Nililala chali nikapiga mayowe. Akina mama wakapiga makofi. Mama Shiru akaanza kutabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu asubuhi ile.

Daktari hakupiga makofi.

"Mama Shiru, rudi mwanzo. Fundi ameanguka kabla hujafika."

Nyumbani mke wangu aliniwekea chakula akageuka ukutani. Nikamwambia nilitaka kumsaidia. Nikamwambia wenzake wote walimpigia makofi. Nilipomaliza kueleza akasema, bila kugeuka:

"Ungeniacha niende njiani nikidhani najua."

Chakula nilikila kimepoa.

Alirudi mwanzo. Kila Jumamosi nilimkaba, kweli sasa, mpaka nikachukia mikono yangu. Alishindwa na kushindwa. Daktari hakumpa maneno matamu, alimwambia tu, "Bado. Mguu wake wa kulia ulikuwa chini. Ngoja uinuke." Halafu Jumamosi moja nilimkaba kama kawaida, nikawa nafikiria oda ya viatu, mara ukumbi ukazunguka na mfupa wa matako ukanijulisha kwamba sakafu ni ya saruji. Safari hii sikupiga mayowe. Sauti haikutoka.

"Hiyo," akasema Daktari.

Juma zima nilikalia mto. Wateja niliwaambia nimegongwa na pikipiki. Baadaye nikaongeza, nikasema lori. Mama Shiru alipita kibandani kuniletea chai, akamsikia mteja akinipa pole ya lori, akasema, "Lori lenyewe ni mimi," akaondoka. Mafundi wangu walicheka mpaka gundi ikakauka.

Jumatatu ya juma hilo Mama Shiru alitoka gizani, peke yake. Nilijifanya nimelala. Mpaka jua linatoka nilikuwa nimechungulia mlango mara nyingi kiasi kwamba Daktari, aliyekuwa anaenda kazini, aliniuliza kama bawaba ni mbovu. Mama Shiru akarudi mchana akiwa amekasirika kwa sababu ya tope, ingawa alikuwa amepata kamera robota zima. Hakusema neno lolote kuhusu njia. Ndipo nikajua ameipita salama.

Miaka imekwenda. Sisi tulihamia Njiru, Mama Shiru bado anashuka Gikomba, na Jumamosi anarudi ukumbini kumsaidia Daktari na wasichana wapya, wauza nyanya, washonaji, wanafunzi wa chuo. Daktari amestaafu utafiti. Nyonga imeanza kumsumbua, raba ni zile zile lakini sasa anazivuta. Mwezi uliopita akanipigia simu.

"Fundi, njoo Jumamosi. Nataka kupima kitu. Usivae ule mshipi wenye bizimu kubwa."

Nilikwenda bila mshipi, suruali imeshikiliwa na heshima tu. Ukumbi umejaa wasichana. "Niaje buda," mmoja akanisalimu mimi mzee wa watu, "wewe ndiye yule wa kubwagwa?" Nikamwambia mimi ndiye mshauri wa kiufundi. Wakacheka, na Mama Shiru aliyekuwa ukutani akacheka zaidi yao.

Daktari akasimama katikati, akawaeleza habari ya jengo na nguzo. Kisha akanipa mgongo. "Nishike."

Nikamshika. Alikuwa mwepesi kama nguo aliyoisahau kwenye kamba. Nilisikia bega lake likigeuka, mahali pale pale, wakati ule ule, mguu wangu wa kulia ndio kwanza unainuka. Alijua kila kitu. Akavuta. Nami nikabaki nimesimama.

Akavuta tena. Nilisikia pumzi yake. Wasichana walikuwa wametoa macho. Mwili wangu wote ulitaka kwenda chini. Hakuna kitu nimewahi kukijua vizuri kama kuanguka kwa ajili ya yule mwanamke. Ningeanguka vizuri, kwa mayowe, na hakuna msichana pale ambaye angegundua. Nikamtazama Mama Shiru. Hakuwa anacheka tena. Alitikisa kichwa, kidogo tu: usithubutu.

Nikasimama. Ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na nimewahi kubeba ngozi mbichi kutoka machinjioni kwa mgongo.

Daktari akaacha kuvuta. Akanipigapiga mkono wangu uliokuwa bado shingoni pake, nikaulegeza. Akageuka, akarekebisha miwani.

"Asante, Fundi. Hicho ndicho nilichotaka kujua." Kisha akawaambia wasichana, kwa sauti ile ile ya kueleza chafya ya jua, "Mmeona? Mbinu ni sahihi. Nguvu ya kuifanya imekwisha. Mwalimu anayewafundisha lazima aweze kumwangusha huyu." Akatembea polepole mpaka kwenye benchi, akaketi. "Mama Shiru, chukua darasa."

Mke wangu akaja katikati akifunga leso kiunoni. Mimi nikajiambia, leo sitoki hapa, leo nimethibitika kuwa nguzo, wasichana wameona. Nikamkaba kwa nyuma kwa nguvu zangu zote za Kariokor.

Nilipopata tena akili nilikuwa chali, vidoa vya jua vikiwa vimejipanga juu ya tumbo langu, duara, safi, kimoja kikipanda na kushuka kila nilipotafuta hewa. Wasichana walikuwa wanapiga makelele.

"Fundi," ikaja sauti ya Daktari kutoka kwenye benchi. "Hiyo ilikuwa ya kweli?"

Nilitaka kumjibu kwamba mtu mwingine angevunjika mgongo, kwamba ni mwili wangu tu ulivyojengwa, lakini pumzi ya kujisifu haikuwepo. Nikainua mkono juu, nikautikisa: ndiyo.

"Basi, darasa lina mwalimu," akasema Daktari, akainama, akaanza kufungua kamba za raba zake ili azivue.